Kupima kilevi kwenye divai ya nyumbani: mwongozo kamili

Mtungi wangu wa kwanza niliupima siku ya kutia divai kwenye chupa. Nikatumbukiza haidromita, kile kibomba cha kioo chenye mistari kinachoelea, ikatulia kwenye 0.996, nikaandika daftarini, kisha nikaanza kutafuta asilimia imeandikwa wapi. Aliyenifundisha kazi hii alikuwa amesimama pembeni. Akaniuliza, "Na siku ya kwanza ilisoma ngapi?" Sikuwa nimepima siku ya kwanza. "Basi umepima nusu," akasema, akaendelea kuosha chupa zake.

Karibu kila anayeanza hupitia hapo, kwa sababu jina la kazi linadanganya. Tunasema "kupima kilevi", lakini haidromita haioni kilevi hata chembe. Inachoona ni uzito.

Juisi yenye sukari ni nzito kuliko maji. Ndani yake haidromita huelea juu, kama mtu anavyoelea kirahisi kwenye maji ya chumvi. Hamira inapokula sukari huigeuza kuwa vitu viwili: kilevi na hewa ya ukaa. Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za kilevi na gramu 88 za hewa ya ukaa, karibu nusu kwa nusu. Ile hewa hupanda kwa viputo na kwenda zake. Kinachobaki ni kilevi, ambacho ni chepesi kuliko maji (mililita 1 ina gramu 0.789 tu). Kwa hiyo kimiminika huzidi kuwa chepesi, na haidromita huzidi kuzama. Ukijua kilivyokuwa kizito mwanzoni na kilivyo mwishoni, tofauti ndiyo inayokupa kilevi. Namba moja peke yake haisemi lolote: 0.996 inaweza kuwa divai ya asilimia 9 au ya asilimia 14.

Vifaa, na kosa la kwanza dukani

Unahitaji haidromita ya divai au ya bia, ile ambayo mizani yake huanzia karibu 0.990 na kufika 1.100 au zaidi. Utahitaji pia silinda ndefu ya kupimia, kipimajoto, kitambaa au chujio safi, na daftari. Usipimie kwenye glasi ya kunywea, maana haidromita itagusa chini na hutapata kitu.

Kosa linalowapata wengi, nami likanipata, ni kununua alkoholimita ukidhani ni haidromita. Zinafanana kama mapacha: bomba la kioo, tumbo chini, karatasi yenye mistari ndani. Tofauti ni kwamba alkoholimita ina mizani ya 0 hadi 100 na imetengenezwa kwa mchanganyiko wa maji na kilevi tu, kama pombe kali iliyokenekwa. Divai ina sukari, asidi na mabaki ya tunda, na vyote hivyo huivuruga. Yangu niliitia kwenye divai tamu iliyokwisha kuiva. Ikapanda juu, na sifuri yenyewe ikabaki hewani. Kama ningeiamini, ningesema nimetengeneza juisi.

Haidromita nyingi zina mizani mitatu kwenye karatasi moja. Wa kwanza ni uzito ukilinganishwa na maji, ambapo maji ni 1.000. Wa pili ni Brix, yaani gramu za sukari katika kila gramu 100 za kimiminika. Wa tatu ni kilevi kinachotarajiwa, yaani kile kitakachopatikana *kama* sukari yote italiwa. Huu wa tatu ndio unaowapoteza watu, kwani hutabiri tu. Ukiusoma mwishoni, kwenye divai iliyokauka, yaani ambayo sukari yake imeliwa yote, utakuta karibu sifuri. Mimi hutumia mizani wa kwanza pekee, na mwongozo huu wote unafuata huo.

Kabla ya kukiamini kifaa, kijaribu kwenye maji safi, bora yaliyokenekwa, yenye nyuzi 20 za Selsiasi. Lazima kisome 1.000. Kikisoma 1.002, usikitupe. Kiandikie pembeni "toa 0.002" na ufanye hivyo kila mara. Karatasi ya ndani huweza kuteleza kifaa kinapogongwa njiani, kwa hiyo rudia jaribio hili mara mojamoja.

Kipimo cha kwanza

Hiki ndicho cha kukawia nacho, kwa sababu hakirudiwi. Hufanyika kabla ya hamira kuingia, au muda huohuo inapoingia.

1. Hakikisha sukari yote uliyoongeza imeyeyuka. Sukari iliyolala chini ya mtungi haipo kwenye sampuli yako, lakini hamira itaila. Koroga, subiri, koroga tena. Nikiwa na haraka, huyeyusha sukari kwanza kwenye maji ya moto, naacha ipoe, ndipo naimimina.

2. Takasa kijiko au bomba la kuchotea, chota sampuli, ichuje. Vipande vya tunda vikikaa kwenye silinda huiegemea haidromita na kuizuia isitulie.

3. Jaza silinda hadi sentimita chache chini ya ukingo, iweke mahali palipo sawa, kisha shusha haidromita taratibu ukiishika kwa juu. Izungushe kwa vidole viwili kama pia. Kuizungusha kunang'oa viputo vilivyonata, maana kila kiputo ni boya dogo linaloinua kifaa na kukupa namba kubwa kuliko ya kweli.

4. Inama mpaka jicho lako liwe usawa wa kimiminika. Utaona uso wake umepanda kidogo pale unapogusa shingo ya kioo. Usisome hapo juu ulipopanda, soma usawa wa uso wenyewe ulio bapa.

5. Pima joto la sampuli hapohapo. Andika tarehe, namba, joto.

Joto lina uzito wake kwenye hesabu. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, nyingine kwa 15.5, na huandikwa kwenye karatasi ya ndani. Kimiminika chenye joto hutanuka na kuwa chepesi, hivyo namba hushuka. Kwa kifaa cha nyuzi 20, ongeza karibu 0.001 sampuli ikiwa na nyuzi 25, na 0.002 hadi 0.003 ikiwa na 30. Ikifika 35 ongeza karibu 0.004. Zaidi ya hapo usihangaike na masahihisho, acha ipoe.

Matunda yenye nyama nzito yanahitaji akili ya ziada. Ndizi zilizopondwa au zabibu kavu huficha sukari ndani yake, nayo hutoka polepole siku kadhaa baada ya kuanza. Juisi unayoichuja siku ya kwanza itasoma chini ya ukweli, na mwisho utapata asilimia ndogo kuliko iliyopo. Saga vizuri, changanya, acha vikae saa kadhaa, ndipo upime. Hata hivyo andika "takriban" mbele ya namba hiyo.

Na ukiongeza sukari katikati ya safari, kama wengi wanavyofanya ili wasiilemee hamira, iingize kwenye hesabu. Gramu 20 za sukari kwa kila lita ya divai ni sawa na kupandisha kipimo cha kwanza kwa takriban 0.0075, ambayo huja kuwa karibu asilimia 1 ya kilevi. Ukisahau kuandika nyongeza mbili za namna hiyo, divai yako ya asilimia 13 itaitwa ya 11.

Kipimo cha mwisho na hesabu

Viputo kukoma si dalili ya kutosha. Siku ya baridi hamira hulala, kizibo kikivuja hewa hupitia kwingine, na mtungi ukaonekana umekufa kumbe uko hai. Pima, kisha upime tena baada ya siku tatu, na tena baada ya tatu nyingine. Namba isipobadilika, safari imekwisha. Divai kavu kwa kawaida huishia kati ya 0.990 na 0.998. Ikiganda kwenye 1.015 ujue sukari bado ipo na hamira imechoka au imefikia kikomo chake. Usiifunge kwenye chupa kwa tumaini kwamba imelala milele. Ikizinduka ndani ya chupa iliyozibwa, hewa ya ukaa itaipasua.

Sampuli ya divai changa imejaa hewa hiyohiyo. Imimine huku na huku kati ya vyombo viwili mara kumi hivi mpaka povu liishe, ndipo upime. Sampuli iliyokwisha kupigwapigwa hivyo ionje au imwage, usiirudishe mtungini.

Sasa hesabu: toa kipimo cha mwisho kwenye kipimo cha kwanza, kisha zidisha kwa 131.25. Tuseme ulianza na 1.088 ukamalizia 0.994. Tofauti ni 0.094. Ukizidisha kwa 131.25 unapata 12.3. Hiyo ndiyo asilimia ya kilevi kwa ujazo.

Utakutana na watu wanaozidisha kwa 133 au 135. Hawajakosea. Namba hii ni makadirio, na kwa divai iliyoanza na sukari nyingi 131.25 huelekea kusema kidogo kuliko ukweli. Kwa mfano wetu, 135 ingetoa 12.7. Chagua moja, baki nayo, ili mitungi yako iweze kulinganishwa. Usijivunie desimali tu: ukikosea kusoma kwa 0.002, jambo rahisi kabisa mbele ya mistari myembamba vile, umekosea robo ya asilimia. Anayeandika "12.34%" kwenye divai ya nyumbani anaandika ndoto.

Kama huna haidromita: mizani ya jikoni

Njia hii naipenda kuliko inavyojulikana. Ikiwa kila gramu ya kilevi inazaliwa pamoja na karibu gramu moja ya hewa, na hewa yote inatoka nje, basi mtungi wenyewe unapungua uzito kadiri kilevi kinavyoongezeka.

Tia juisi na hamira mtungini, funga kizibo chenye mrija wa kutolea hewa, weka mtungi mzima juu ya mizani, andika uzito. Mwisho wa safari pima tena. Kila gramu iliyopungua ni karibu mililita 1.33 za kilevi. Mtungi wa lita 5 uliopungua gramu 450 una mililita 598 hivi za kilevi. Gawa kwa 5,000, zidisha kwa 100, unapata asilimia 12.

Sharti lake ni nidhamu. Usichote sampuli, usionje, usiruhusu povu limwagike. Ukitoa maganda ya matunda, pima mtungi kabla na baada ili ujue umetoa kiasi gani. Mizani nayo iwe inabeba mtungi uliojaa na bado inasoma gramu chache, si ile inayoruka kwa gramu 50.

Kama ulisahau kipimo cha kwanza

Hii ndiyo iliyoniokoa na ule mtungi wa 0.996. Wazo lake lina umri wa karibu miaka 200. Ukitoa kilevi kwenye divai na kurudisha maji mahali pake, tofauti ya uzito kabla na baada inatokana na kilevi kilichotoka.

Pima divai iliyotolewa hewa, mililita 250 kamili, ikiwa na nyuzi 20. Soma haidromita na uandike. Mimina yote kwenye sufuria, suuza silinda kwa maji kidogo yaliyokenekwa na uyatie humohumo, kisha chemsha polepole mpaka ibaki karibu nusu. Chemsha bila kufunika, madirisha yakiwa wazi, kwenye jiko la umeme ikiwezekana, kwa sababu mvuke wa kilevi unashika moto. Mvuke huo uache uende zake. Kuukusanya ni kukeneka pombe kali, kazi yenye hatari zake na katika nchi nyingi yenye sheria zake.

Acha ipoe kabisa, maana kimiminika cha moto kitapasua silinda ya kioo. Rudisha kwenye chombo cha kupimia, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ifike tena mililita 250 kamili, changanya, fikisha nyuzi 20, na usome mara ya pili. Safari hii namba itakuwa kubwa zaidi. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 1,000. Ukipata karibu 7, divai yako ni ya asilimia 5. Ukipata 13.5 ni ya 10, 16 ni ya 12, na 19 na kidogo ni ya 15. Zilizo katikati utazikadiria.

Yangu ilipanda kutoka 0.996 hadi 1.011. Tofauti ni 15, kwa hiyo asilimia 11 na ushei. Kumbuka tu kwamba hapa hatua moja ya haidromita, yaani 0.001, ni robo tatu ya asilimia. Mikono itulie, na mililita 250 ziwe 250 kweli. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haijali utamu: divai iliyobaki na sukari hupimika sawasawa na kavu.

Vifaa vingine kwa ufupi

Rifraktomita huhitaji matone mawili tu na husoma Brix kwa jinsi mwanga unavyopinda. Kwa juisi ya siku ya kwanza ni nzuri ajabu: zidisha Brix kwa 0.004, ongeza 1, na una makadirio ya uzito. Brix 22 huwa karibu 1.090. Lakini hamira ikishaanza kazi, kilevi nacho hupinda mwanga, na kifaa hukusomea Brix 7 au 8 kwenye divai iliyokwisha kukauka. Wapo walioongeza hamira mara mbili wakidhani mtungi umekwama. Masahihisho yapo kwenye vikokotoo, ila kwa kipimo cha mwisho bado nachukua haidromita.

Vinomita ni kibomba chembamba chenye kikombe juu. Unatia divai, unasubiri itone, unakigeuza juu chini, na kimiminika kinashuka na kusimama kwenye namba. Ni cha bei ndogo na kinavutia macho, lakini kinafaa divai kavu tu. Sukari kidogo huharibu kila kitu.

Ebulioskopu hupima joto la kuchemka. Kilevi huchemka kwa nyuzi 78.4 na maji kwa 100, hivyo divai ya asilimia 12 huchemka karibu na nyuzi 91. Kwa sababu kanieneo ya hewa hubadilika, lazima uchemshe maji matupu kwanza siku hiyohiyo. Ni kifaa cha viwanda vidogo. Kwa mitungi miwili mitatu nyumbani ni anasa.

Ukiitia utamu au ukiichanganya

Divai ikiisha kukauka na ukaongeza sukari au juisi, kipimo kitapanda tena. Usirudie hesabu kwa namba hiyo mpya, kwani kilevi hakikutoweka. Kimezimuliwa tu. Zidisha asilimia ya awali kwa lita za awali, gawa kwa jumla ya lita. Lita 4.5 za asilimia 12.3 zikiongezwa nusu lita ya juisi zinakuwa lita 5 za asilimia 11. Hapo ujue umewapa hamira waliobaki chakula kipya, kwa hiyo fuatilia mtungi wiki kadhaa kabla ya kuziba.

Cha kuandika kwenye chupa

Asilimia ni kwa ujazo. Divai ya asilimia 12 kwa ujazo ni kama 9.5 tu kwa uzito, ndiyo maana hesabu za watu wawili hugongana bila yeyote kukosea. Glasi ya mililita 150 ya divai hiyo ina mililita 18 za kilevi halisi, yaani gramu 14 hivi. Mgeni anayetaka kuendesha gari au anayetumia dawa ana haki ya kuijua namba hiyo kabla hujammiminia, hasa kwa kuwa divai tamu ya matunda hunyweka kama juisi huku imebeba 14.

Na haidromita haisemi kama divai ni salama. Iliyoanza kugeuka siki, au iliyotengenezwa kwenye chombo kichafu, hupata namba nzuri kama nyingine yoyote. Pua na macho ndivyo vya kuulizwa hapo. Ila ikisoma chini ya asilimia 10 naiweka kwenye kundi la kunywewa mapema, kwa sababu kilevi kidogo huilinda kidogo.

Kwenye chupa zangu naandika mistari miwili kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka chupa ikitoka jasho. Wa juu ni tunda na tarehe ya kuanza. Wa chini ni hivi: 1.088 → 0.994, karibu 12%. Kwenye zile chupa za mtungi wa kwanza mstari wa chini unasomeka "? → 0.996, imechemshwa, 11 na ushei". Zimebaki mbili.